Shangazi, Usiipashe Moto

Yokote, 3 Desemba 1985

Shangazi Toyoko,

Shikamoo. Natumai baridi ya Osaka bado ni ya sweta moja tu. Huku theluji imeshafika usawa wa dirisha, na wazee wanasema bado haijaanza. Mama anakusalimu. Magoti yanamsumbua ila mdomo mzima, kama unavyomjua. Mke wangu Chizuru naye anakushukuru kwa kitambaa ulichomletea siku tuliyotimiza mwaka wa msiba wa baba.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mzee Kumagai, mpika sake wetu mkuu, amesema huu ndio msimu wake wa mwisho, na wale wanaume anaokuja nao kila baridi wataondoka naye. Mwakani nitabaki na watu wa kupika pombe ya aina moja tu. Ama ile ya baba, ambayo mchele wake unasiginwa pipani kwa miti alfajiri mpaka uchachuke wenyewe, au hii yangu mpya, ya mchele uliokobolewa hadi punje ikabaki nusu. Kila moja ina mpunga wake, kwa hiyo lazima niseme neno kabla wakulima hawajaloweka mbegu mwezi wa nne. Nikikosea, ghala la kupikia sake la mababu linanifia mikononi.

Baba hakuwahi kuuza hata chupa moja kabla barua yako haijafika. "Toyoko amesemaje?" Alikuwa akimuuliza mleta barua kabla hata hajamsalimu. Mimi ni nani nivunje desturi hiyo? Nimekutumia chupa tatu: ya baba, yangu, na ile nyeupe isiyochujwa, ambayo ni ya kukuburudisha tu.

Ombi langu ni moja. Yangu inywe baridi, kwenye glasi nyembamba. Ina harufu ya tikiti tamu na kwa mbali kama ua jeupe, na ukiipasha moto harufu yote inaruka, unabaki na maji machungu. Najua mazoea yako. Nakuomba kwa heshima zote, Shangazi, usiipashe moto.

Mwanao,
Kunihiro


Osaka, 19 Desemba 1985

Kunihiro mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, duka zima, kiti cha tatu kimevunjika mguu na fundi ananizungusha. Mwambie mama yako aache kupiga magoti akisugua sakafu, ana mkwe wa nini? Chizuru asinielewe vibaya, nimesema kwa upendo.

Nimeipasha moto.

Usinikunjie uso huko uliko. Mimi nauza sake ya moto na sufuria la figili na mayai tangu wewe hujaota meno, na sijawahi kuona sake nzuri inayoogopa maji ya moto. Kwanza niliionja baridi kama ulivyoniamuru, kwenye glasi, mbele ya wateja wangu, nikaonekana mwanamke aliyeishiwa akili. Inaingia tamu, inapita, imekwenda. Nikasubiri. Hakuna aliyerudi. Basi nikaitumbukiza kwenye maji ya moto labda itasema kitu, na yenyewe ikanyamaza vilevile. Sake yako ni kama karani wa serikali: safi, mpole, na ukigeuka humkumbuki sura.

Ya baba yako, hiyo ndiyo sake. Uchachu unakukamata taya hapa nyuma, ulimi unalemewa, halafu kooni inakata na kuacha joto. Unakula kipande cha figili kilicholowa mchuzi, unaitafuta tena. Nyeupe ni nzuri, nzito kama uji, ila inashibisha na mimi nataka watu wale.

Nishiwaki, yule mtengeneza saa anayekaa kiti cha pembeni, anakusalimu. Usiku huo nilimmiminia yako akasema "oho". Sijui oho ni nini.

Shangazi yako


Yokote, 9 Januari 1986

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Tumekula mochi, yale madonge ya mchele yanayonata, Mama ameponea chupuchupu kukabwa na kipande cha tatu, na bado akaomba cha nne. Chizuru amecheka sana kuhusu "kwa upendo". Hakucheka siku hiyohiyo, ila amecheka.

Sasa ninywe maji kwanza, nikae chini.

Nimefanya kazi usiku na mchana kupata ile harufu. Mchele tumeukoboa polepole usije ukapasuka. Tumeuosha kwa maji yanayokata vidole. Hamira tumeilaza kwenye baridi wiki nyingi ichachuke bila haraka, maana ikiharakishwa harufu haiji. Mzee Kumagai, asiyenisifu hata nikimwokoa kwenye moto, alipofungua pipa alifumba macho akavuta pumzi. Wewe umeitumbukiza kwenye maji pamoja na mayai yako!

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kuna figili, kuna kiti kibovu, kuna karani wa serikali, kuna oho ya Nishiwaki. Kuhusu harufu hukusema kitu. Nimekuuliza rangi ya ng'ombe, unanijibu uzito wake.

Basi tufanye hivi. Nakutumia chupa mbili zilizofungwa gazeti, nimeandika moja na mbili tu. Zionje baridi, kisha vuguvugu, kisha moto, uniambie kila moja ina nini puani na ina nini mdomoni, na ipi ni ya baba. Chizuru ndiye anayezifunga, maana mimi niko chumba cha koji, huwezi kuuacha ule ukungu wa mchele ukajilea wenyewe. Nakungoja.

Kunihiro


Yokote, 5 Februari 1986

Shangazi,

Shikamoo. Chupa zimefika? Watoto wa mtaani wameanza kuchimba vibanda vyao vya theluji kwa ajili ya sikukuu, na mimi kila mleta barua akipita natoka nje kama mchumba. Nimemuuliza Toyoko amesemaje. Amecheka, amesema hilo swali alidhani limezikwa na baba.

Kama unaumwa, sema unaumwa. Kama umekasirika, sema vilevile.

Kunihiro


Osaka, 13 Februari 1986

Kunihiro,

Marahaba. Siumwi wala sijakasirika. Nina duka, mwanangu, si kila mtu anaamka kuandika barua. Fundi ametengeneza kiti, sasa mguu wake mmoja ni mrefu kuliko mingine. Mke wa Nishiwaki amelazwa na kutolewa, ni nyongo. Mama yako asiishike mochi tena mpaka mwakani.

Chupa zako nimezionja. Namba moja ni ya baba yako, hata ukinifunga macho na kunigeuza kichwa chini ningeijua. Iko vilevile, pengine imezidi kidogo uchachu, mwambie Kumagai asijisahau.

Namba mbili ni yako, na safari hii umejitahidi. Naona umenisikia. Imechangamka, ina uchachu mzuri wa pembeni, haipotei tena kama ile ya kwanza. Harufu yake nzuri. Wateja wameimaliza. Ukiendelea hivi unaweza kuuza hata kwa watu wazima.

Umeridhika? Niache sasa nipike.

Shangazi yako


Yokote, 22 Februari 1986

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima. Leo sina salamu ndefu.

Namba mbili haikuwa sake yangu. Au ilikuwa, kabla haijafa. Chizuru alichukua kutoka kreti lisilo lake, lile la chupa mbichi ambazo hazijapashwa moto kuua vijidudu, na mtu mmoja asiyejitaja alikuwa amelisukuma karibu na jiko la ofisini tangu kabla ya mwaka mpya. Tumegundua juzi. Mzee Kumagai alifungua chupa iliyolala ubavuni mwa yako, akaiweka chini, akatoka nje kusimama kwenye theluji. Ofisi nzima ilinuka soksi na maziwa yaliyoganda. Mama alikuwa sebuleni, milango miwili katikati, akauliza nani amekufa.

Hiyo ndiyo uliyoniandikia "harufu yake nzuri".

Wateja gani wameimaliza, Shangazi? Hao wateja wana nini?

Nilianza barua hii nikiwa na hasira, nikidhani hukuionja kabisa, kwamba umeimwaga na kuniandikia maneno matamu ili nikuache. Kisha nimetoa barua zako zote na za mwaka juzi alizoziweka baba. Hakuna harufu hata moja humo. Unazungumza ulimi, taya na koo. Na nimekumbuka siku ya kumtimizia baba mwaka, ubani ulivyodondoka ukaunguza mkono wa kimono chako, watu wa safu ya nyuma wakainuka kwa harufu ya kuungua, na wewe mwenyewe ukaendelea kusali mpaka Chizuru alipokumwagia chai.

Niambie ukweli. Wakulima hawanisubiri.

Kunihiro


Osaka, 8 Machi 1986

Kunihiro,

Hujambo. Mimi sijambo.

Nimekuogesha ukiwa mdogo wa kuenea kwenye beseni la mchele, leo unanipekua kama askari. Umetoa barua za marehemu ukazisoma! Mtu mwenye adabu anaziacha zipumzike. Ukitaka pua, fuga mbwa.

Chupa nyingine usilete.

Toyoko


Yokote, 2 Aprili 1986

Shangazi,

Shikamoo. Theluji imeanza kudondoka mapaani, kila asubuhi kishindo, Mama anaruka na magoti yake.

Hukunijibu nilichokuuliza, na mimi sikuandika tena kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kikali kuliko inavyofaa kumpelekea shangazi. Nimejaribu kufikiri peke yangu. Nimeionja ya baba asubuhi na jioni. Inanishinda kuihukumu, kila nikiinusa namwona yeye amesimama mlangoni. Wauzaji wa Sendai na Tokyo wanaulizia hizi zenye harufu tu. Mzee Kumagai anasema amua, wewe ndiye mwenye nyumba.

Nimeamua. Mwakani tunapika yangu peke yake. Mpunga wake nimeshauagiza, wa baba nimewaambia wakulima wasiuloweke. Ile miti ya kusiginia nimeisimamisha nyuma ya stoo. Sijaweza kuitupa.

Nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa Mama. Nimekasirika, Shangazi, sitakudanganya. Miaka yote ulikuwa na la kusema kuhusu sake ya nyumba hii, na mwaka niliokuhitaji mimi umekaa kimya.

Kunihiro


Osaka, 3 Aprili 1986

Kunihiro mwanangu,

Hamjambo wote? Huku maua ya mcheri yamefunguka, watu wanalewa mchana chini ya miti na kuacha takataka. Nimefunga duka leo, si kwa ajili ya maua.

Umeniuliza ukweli. Sinusi kitu. Nilipata homa, msimu ule wa baridi kabla baba yako hajaanza kuugua, na ilipopoa ikawa imeondoka na pua yangu. Nilidhani itarudi. Nilikwenda hospitali, daktari akanichungulia puani na tochi, akasema umri. Mficha maradhi kilio humuumbua, najua, mama yangu alikuwa akilisema hilo kila siku. Lakini nani atakaa kwenye duka la mama anayepika asichokinusa? Nilikaa kimya nikaendelea. Nilijifunza kutazama rangi ya mchuzi na kuhesabu dakika.

Ile chupa yako mbovu nilimmiminia Nishiwaki kwanza. Aliweka kikombe chini, akalipa, akaondoka. Nilifikiri ni nyongo ya mke wake. Baada ya barua yako nimeanza kumwangalia. Kila akiingia, kabla hajaketi, anainamia sufuria langu kidogo, kisha anasema "punguza moto" au hasemi. Amekuwa akininusia, Kunihiro. Sijui tangu lini. Nilijifungia jikoni nikalia kama mtoto aliyeachwa stesheni.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya nisiandike. Sake yako kwangu ni maji. Nakusadiki kuhusu tikiti na ua jeupe, nakusadiki kabisa, nimeifuata baridi na nimeifuata moto sikukuta kitu. Sake zote nzuri zinazokuja siku hizi zimekuwa hivyo, chupa zinapendeza na ndani hakuna mtu. Ya kaka peke yake ndiyo bado naipata. Uchachu ule unanishika hapa tayani, uzito unakaa ulimini, najua ninakunywa. Katika dunia nzima nimebakiwa na sake moja.

Sasa mtu kama huyo anaweza kukuambia upike ipi? Neno langu limeshanunuliwa. Ningekuambia pika ya baba yako, ungeipika kwa heshima, ghala lingekufia ili kikongwe mmoja Osaka apate kinywaji chake. Ndiyo maana niliona heri nikutukane.

Wewe una pua. Pika unachokinusa. Usiniulize tena.

Shangazi yako Toyoko


Yokote, 11 Aprili 1986

Shangazi,

Shikamoo.

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu utakuwa umeshaipata, na sijui umeisoma ukiwa umesimama au umekaa. Laiti ningekuwa na mkono mrefu ningeivuta kutoka kwenye sanduku lako la posta.

Kwa nini hukusema mwezi wa kumi na mbili? Kwa nini hakuna mtu katika ukoo huu anayesema kitu kabla hakijaharibika? Nimemsomea Mama barua yako. Alikuwa akimenya viazi, hakuacha kumenya. Akasema, "Baba yako alijua." Alijua! Eti alikuwa akimaliza kusoma barua yako anasema, "Toyoko hanusi tena, maskini," kisha anaikunja na kutoa amri chupa zianze kuuzwa. Nikamuuliza Mama, kama alijua alikuwa anasubiri nini? Akanitazama kama mimi ndiye kiazi. "Alikuwa anamsubiri dada yake," akasema.

Nimekaa na hasira siku mbili, na wa kumkasirikia amekufa.

Mpunga wangu umeshaagizwa na siurudishi, hapo hukunidanganya, ghala haliwezi kuishi kwa mnywaji mmoja. Lakini juzi nilikwenda kwa Ogasawara, yule mkulima wa ng'ambo ya mto, nikamkuta amekwishaloweka mbegu za mpunga wa baba. Nikamwambia si nilikuambia usiloweke? Akasema alinisikia, ila hakuniamini. Basi shamba lake moja dogo litatosha pipa moja. Sitaliuza. Litapikwa liwe la kwako, na la watakaotaka kunywa na wewe.

Tatizo ni watu. Kusigina kunataka wanne kila pipa, wawili wawili wakitazamana, na wanaume wa Kumagai wamekwisha kuaga. Nipo mimi. Chizuru amekubali. Kijana wa Ogasawara amekubali akipewa chakula. Wa nne ni wewe.

Najua. Wewe ulizaliwa ubavuni mwa lile ghala na hujawahi kuvuka kizingiti chake, wala bibi, wala Mama. Mwanamke haingii wakati wa kupika, ulikuwa ukiletewa kikombe barazani. Mzee Kumagai nilipomwambia alikaribia kuanguka. Akasema mwanamke akiingia sake itaoza. Nikamwambia, Mzee, ile ya karibu na jiko ilioza, na ndani walikuwa wanaume watupu. Jana aliondoka akinung'unika, lakini leo asubuhi nimemkuta anaipaka mafuta ile miti ya kusiginia.

Funga duka wiki mbili mwezi wa kwanza. Nishiwaki atavumilia. Usiniandikie sababu, nimezichoka.

Kunihiro


Kadi ya posta. Osaka, 19 Aprili 1986

Kunihiro,

Hamjambo. Barua ya kwanza niliisoma nimesimama, ya pili nimekaa. Nishiwaki amepewa ufunguo wa duka na ameanza kujifanya bosi. Nitakuja. Mama yako aniangalizie koti zito, la kwangu limeliwa na nondo, na asije stesheni na magoti yale.

Nieleze jambo moja mapema nisije nikachekwa na kijana wa Ogasawara: ule mti unashikwaje? Mkono upi unakuwa juu? Utotoni kila alfajiri nilikuwa naamka kwa kishindo chake, na nimeusikia kupitia ukutani tu.

Toyoko